Karanga Wangu, Karanga Yangu

Kwako Bi. Sabaha, mshauri wa gazeti letu,

Neno hili sijapata kumwambia mtu yeyote, si mama, si Mwalimu Stefano anayeniazima gazeti lenu kila likifika, wala si kaka yangu ambaye ndiye hasa aliyestahili kuambiwa kwanza: mwezi wa nne nilimtazama usoni kaka yangu anayenisomesha nikamwambia uongo, na uongo huo ulizaliwa na herufi moja niliyoisahihisha mahali pasipokuwa na kosa.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita hapa Mbekenyera, nina miaka kumi na sita, na mbele za watu si msemaji, nikiulizwa jambo ghafla hata jina langu hunipotea, lakini nikipewa karatasi yenye maandishi nisome aibu huniondoka yote, kwa sababu maneno yanakuwa si yangu. Ndiyo maana tangu nikiwa darasa la tatu watu huniletea barua zao niwasomee, na Jumamosi gazeti likifika huwasomea wazee kwenye kiwanda cha mhunzi wakati wanangoja majembe yao, nao hutulia wakanisikiliza kana kwamba mimi ni mtu mzima. Naomba nisitaje majina ya kweli. Kaka yangu nitamwita Jumaa, mchumba wake nitamwita Mwanaheri, na baba wa huyo mchumba, ambaye ndiye mhunzi mwenyewe, nitamwita Mzee Mbaruku.

Kabla ya shida yangu naomba niandike shukrani yangu, maana bila hiyo hutaona uzito wa nilichokifanya. Baba yetu alifariki nilipokuwa darasa la nne, na watu wengi walisema basi, mtoto arudi shambani, lakini Jumaa alisema mmoja wetu atasoma na huyo mmoja ni mimi, akapanda lori akaenda Nachingwea kwenye kambi ya mashamba makubwa ya karanga, kule ambako mashine mbili hufungwa kwa mnyororo mmoja zikaulaza msitu kama mtu anavyolaza majani kwa mguu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili. Shati ninalovaa ni lake, kitabu changu cha jiografia alikinunua yeye, na hata karatasi hii ninayokuandikia ilitoka kwake. Mwanaheri naye, tangu posa ya kaka ilipopokelewa kwao, aliniita shemeji, ingawa mimi ni mdogo na watu walicheka, na siku za mvua nilipotoka shule alikuwa ameniwekea mhogo kwenye jivu la kiwanda cha baba yake, akaniambia, "Shemeji, kula kwanza, hayo maandishi hayakimbii." Watu hawa wawili sijapata kuwashukuru kwa mdomo. Nilikuwa nikidhani kuwasomea na kuwaandikia barua zao ndiyo shukrani yangu.

Sasa sikiliza nilivyowashukuru. Mwezi wa kwanza kaka alileta barua kama kawaida, na barua zake zote za kwenda na kurudi hupita mkononi mwangu, maana nyumbani kwetu hakuna mwingine anayesoma na kwa Mzee Mbaruku vilevile. Mimi nina tabia moja ambayo leo naionea haya, kabla ya kuwasomea watu barua ya kaka huipitia kwanza na kalamu, nikamsahihishia palipokosewa kama Mwalimu anavyosahihisha daftari, kwa sababu sikupenda watu waone kwamba kaka yangu hajui kuandika. Mwishoni mwa barua ile alikuwa ameandika hivi: "Mwanaheri mwambie ni karanga wangu, basi, sina la zaidi." Mimi sikuelewa, lakini macho yangu yalikwenda kwenye kosa kabla hayajakwenda kwenye maana, kwa kuwa Mwalimu alitufundisha karanga yangu, karanga zangu, na akatwambia hata rafiki, ingawa ni mtu, ni rafiki yangu, si rafiki wangu. Nikaikata ile w nikaandika y juu yake, vizuri, kwa wino, kisha nikaenda kiwandani nikasoma kwa sauti, "Mwanaheri mwambie ni karanga yangu, basi, sina la zaidi."

Mzee Mbaruku alisimamisha mivukuto akaniuliza, "Karanga yake ndiyo nini?"

Hapo, Bi. Sabaha, jibu la kweli lilikuwa sijui. Lakini wazee wanne walikuwa wananitazama, nikasema, "Ni maneno ya kambini, Mzee, nitawaletea maana yake kesho."

Siku ya pili ilikuwa Alhamisi, siku ya lori, nikamngoja utingo anayekwenda na kurudi Nachingwea, kijana mwenye maneno mengi, nikamwuliza, "Kaka, huko kambini mtu akisema karanga yangu, ana maana gani?"

"Nani kasema?"

"Mtu tu."

"We mwanafunzi, huko karanga si moja," akanijibu huku akifunga turubai. "Ukifika leo hujui choo kiko wapi, wewe ni karanga mbichi. Nyapara wetu ni karanga chungu, maana huyo ukimtafuna unatema. Lori likizama matopeni limepanda karanga, na leo tumepanda mara tatu tangu Ruangwa. Mtu akishinda kivulini na jina lake limeandikwa kazini, huyo anakula karanga. Hata maneno ya uzushi ni kumenya karanga. Wewe unataka ipi?"

"Karanga yangu."

"Hiyo ni hasara. Umelima, umepalilia, unang'oa, ndani ganda tupu. Mtu akikwambia hiyo karanga yangu, keshakata tamaa nayo."

Nilimshukuru nikaondoka, na maneno hayo yote nikayaandika katika daftari langu, maana napenda sana kuandika maneno. Sikumwuliza karanga wangu ni nini, kwa sababu karanga wangu nilikuwa nimekwisha kumfuta mwenyewe.

Nilipopeleka maana hiyo kiwandani Mzee Mbaruku aliniambia nisome tena ule mstari wa mwisho, nikausoma. Akauliza, "Na baada ya hapo kasema basi?"

"Basi, sina la zaidi. Ndivyo ilivyo, Mzee."

"Haya," akasema. "Mimi binti yangu simtembezi," akachukua nyundo, na tangu siku hiyo hakumtaja kaka. Mama alipopata habari alisema Jumaa ni mtu mzima na mtu mzima akisema basi ni basi, akaona haya hata kupita njia ya kiwandani. Kesho yake nilipomwamkia Mwanaheri alinijibu vizuri, akaniuliza habari za masomo, halafu akaniambia, "Haya, mwanafunzi." Hakuniita shemeji, na hajaniita tena mpaka leo.

Kaka aliandika mara mbili akiuliza mbona Mwanaheri kimya. Nilimjibu habari za mvua na za mbuzi wetu aliyezaa pacha. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyemkataa na sasa anajifanya kuuliza, nikamkasirikia kidogo, na hasira hiyo ilinisaidia kuandika.

Likizo ya mwezi wa nne nikaenda Nachingwea kumwamkia. Chumba chake ni kidogo, vitanda viwili vya kamba, na cha pili hulala mtu wa upande wa Masasi, Mmakua, anaitwa Teofili, ambaye alinipokea mzigo mlangoni akaniambia, "Karibu, mwalimu mdogo. Mimi ndiye karanga wa kaka yako."

Nikamwuliza, "Karanga yake?"

Akacheka sana akamwita kaka, "Jumaa, njoo usikie, mdogo wako anataka kunitafuna." Kisha akaokota ganda la karanga sakafuni, maana huko maganda yako kila mahali, akaniwekea kiganjani. "Yake ni ile ya kula. Mimi ni wake. Humu ndani wanakaa wawili, hakuna anayewaona, wanakomaa pamoja. Sisi tunalala humu wawili, tunakula sufuria moja, akiugua mimi ndiye ninayejua. Mtu wa namna hiyo ndiye karanga wako. Hapa kambini mtu akiwa naye mmoja ana bahati."

Nilikaa kitandani, ganda bado kiganjani. Kaka aliingia akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, akakaa mbele yangu, akasubiri Teofili atoke, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanaheri ulipomwambia lile neno langu, alisemaje?"

Nikasema, "Alicheka."

"Nilijua atacheka," akasema, na yeye mwenyewe akacheka, akasimama akatoa kalamu ya wino iliyofungwa kitambaani chini ya mto. "Hii yako. Wewe ndiye mdomo wangu huko nyumbani, na mdomo hauwezi kuandika kwa kijiti. Nakushukuru sana, mdogo wangu."

Alinishukuru, Bi. Sabaha. Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia sasa.

Kazi yake inampa ruhusa mwezi wa tisa na anasema atakuja kuoa. Lakini huku nyumbani fundi cherehani mmoja wa Likunja amekwisha kutuma watu kwa Mzee Mbaruku, ni mtu mwema, sina la kumsema, nao wamejibiwa kwamba neno litatolewa ufuta ukishapigwa. Ufuta wetu umeanza kukauka. Nikisema ukweli, hakuna atakayeniamini na barua yake tena, mama atapata aibu mara mbili, na kaka atajua kwamba masomo aliyonipa ndiyo niliyomharibia nayo. Nisiposema, yatatokea ambayo hayarudi. Usiku mmoja nilifikiri pia kwamba mwandiko wa kaka naujua vizuri, naweza kuandika barua nyingine kama yeye, nikaeleza maana, nikaenda kuisoma, na hakuna ambaye angejua. Nilichukua karatasi, nikaandika "Wapendwa" kwa mwandiko wake, nikaogopa nikaichoma.

Naomba uniambie nianze na nani na nisemeje, maana nikisimama bila karatasi mkononi siwezi kusema. Nakushukuru hata kwa kunisoma mpaka hapa.

Mimi, Msomaji wa Barua, Mbekenyera.

JIBU

Mwanangu Msomaji wa Barua,

Nimekusoma mpaka mwisho, na kabla sijakukaripia nataka ujue kwamba nakuhurumia. Kijiji kizima kimekufanya mdomo wake tangu ukiwa darasa la tatu, na hakuna mtu mzima aliyekumbuka kukwambia kwamba mdomo nao una haki ya kusema sijui. Hilo lilikuwa kosa la wakubwa. Yanayofuata ni yako.

Unasema uongo wako ulizaliwa na herufi moja. Si kweli. Herufi ni jambo la dakika moja, ungeifuta na mambo yakaisha. Uongo wako ulizaliwa pale Mzee Mbaruku alipokuuliza maana, ukawa na neno moja la kweli mdomoni, ukaliona dogo mno kwa mtu anayesikilizwa na wazee wanne. Ukaenda kumwuliza kijana wa watu swali ambalo ulikuwa umekwisha kuliharibu, akakujibu sawasawa na ulivyomwuliza. Usimlaumu utingo. Angalau yeye alikuuliza, "Unataka ipi?"

Na kuhusu sarufi, kwa kuwa naona unaipenda: kanuni unayo, na rafiki ni rafiki yangu, nakubali. Lakini hao watu wa kambini, waliotoka makabila kumi na kukutana kwenye vumbi moja, wana neno moja wanalolifanyisha kazi zote, na wameona haja ya kutenga karanga ya kutafuna na karanga wa kuishi naye. Wakatenga kwa herufi moja. Huo si ujinga wa darasa la pili. Wewe ulikuwa unaandika maneno yao katika daftari lako na papo hapo unawafutia. Anayebeba maji ya mtu hufikisha alichotwikwa. Akiona yana rangi, aseme yana rangi, asiyamwage akachota ya kwake.

Hilo la kuandika barua kwa mwandiko wa kaka yako nimelisoma mara mbili. Vizuri uliogopa. Woga huo utunze, siku moja utauhitaji tena. Ungeifanya hiyo barua, ungekuwa umemtoa kaka yako mdomo wake ukaweka wa bandia, na harusi yao yote ingesimama juu ya karatasi yako.

Umebadilisha majina, mwanangu, lakini umeandika Mbekenyera, na umeandika mhunzi, na umeandika fundi cherehani wa Likunja. Kuna wahunzi wangapi hapo kwenu? Mimi nadhani moyoni ulitaka ujulikane, ila ulitaka gazeti ndilo likuseme. Nimeiacha barua yako kama ulivyoiandika, sikusahihisha hata nukta.

Sasa fanya hivi. Anza na Mzee Mbaruku, kwa sababu kaka yako yuko mbali na ufuta hauna subira. Nenda mchana, mbele ya wale wale waliokusikia mwanzo, kwa kuwa kosa lililofanywa mbele ya wanne haliponi kwa kunong'onezwa mmoja. Chukua barua ile ile ya kaka yako, yenye kalamu yako juu yake, uwaoneshe ulipokata. Wao hawajui kusoma, lakini mstari uliokatwa kila mtu anauona. Soma alichoandika yeye. Halafu waambie alichokueleza Teofili, na useme kwamba ni Teofili aliyesema, si wewe. Usiombe msamaha kabla hujamaliza, maana wazee wataanza kukuhurumia na habari itabaki nusu. Na Mwanaheri usimshauri aolewe na nani. Umekwisha kumsemea vya kutosha.

Siku hiyo hiyo umwandikie Jumaa yote, pamoja na lile la "alicheka". Atakasirika, na hasira hiyo ni yake, mwachie. Umeniandikia mimi kurasa za kumshukuru, za Mwanaheri pia, lakini shukrani iliyoandikwa kwangu haiwafikii wao. Kamshukuru kwa kumrudishia maneno yake.

Wala usiache kuwasomea watu barua. Mtu aliyewahi kukosea namna hii na akasema, huyo mimi ningempa za kwangu.

Bi. Sabaha

BARUA YA PILI KUTOKA MBEKENYERA

Kwako Bi. Sabaha,

Naandika kukushukuru na kukueleza nilichofanya.

Gazeti lilifika Jumamosi, ufuta ukiwa umepigwa nusu, na watu wa Likunja walikuwa wanategemewa Jumatatu. Mwalimu Stefano alinipa likiwa limekunjwa kwenye ukurasa wako. Alinishika bega. Nilisoma jibu lako nikiwa nimesimama nyuma ya shule, kisha nikapita nyumbani nikachukua barua ya kaka, nikaenda kiwandani kama kila Jumamosi.

Walikuwa watu sita. Nilianza na habari za mvua na za reli, kisha nikasema, "Na hapa kuna barua ya msomaji," nikasoma barua yangu tangu mwanzo. Nilipofika pale nilipoandika kwamba aibu huniondoka kwa sababu maneno si yangu, sauti ilikatika, nikangoja, ikarudi. Nilipofika penye neno mhunzi, mmoja wa wazee, Kaimu, aliyekuwa anangoja jembe lake, aliuliza, "Mbekenyera hii hii?"

"Nyamaza, Kaimu," Mzee Mbaruku akamwambia, "jembe lako liko kwangu."

Nikasoma yote. Kijana wa mivukuto alikuwa ameacha kazi na moto ulikuwa umeanza kufifia. Mwanaheri alikuwa ametoka uani na ungo wa ufuta, akasimama mlangoni, nikasoma na yale ya mhogo na yale ya shemeji huku ananitazama. Kisha nikasoma jibu lako, hata mahali uliponikaripia, sikuruka.

Nilipomaliza nilitoa barua ya kaka nikamwonesha Mzee Mbaruku nilipokata. Alipitisha kidole chake juu ya wino.

"Herufi moja?" akauliza.

"Moja, Mzee."

"Na huyo Mmakua ndiye aliyesema wawili ganda moja?"

"Ndiye. Mimi sikuwa najua. Siku ile ulipouliza nilikuwa sijui."

Akamwambia kijana wake avute mivukuto. "Chuma nikikikunja vibaya nakirudisha motoni," akasema. "Sikitupi. Lakini kinauma kukigonga mara ya pili." Kisha akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia," Mwanaheri akasema. "Mimi nilikuwa nangoja aje aseme kwa mdomo wake. Huu mdomo mwingine sikuuamini sana." Wazee wakacheka. Hapo ndipo Mzee aliponieleza kwamba binti yake ndiye aliyekuwa amemwomba asitoe neno mpaka ufuta upigwe, na kwamba ufuta wenyewe alikuwa anaupiga polepole. Kumbe muda wote niliokuwa naogopa, yeye alikuwa ananishikia mlango, wala sikujua kumshukuru. Nikamshukuru hapo, kwa mdomo, mbele ya watu. Nilisema maneno mawili tu.

Jioni nilimweleza mama. Alilia, kisha akajitanda kanga akaenda kiwandani mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Watu wa Likunja walipokuja Jumatatu Mzee Mbaruku aliwapa chakula kizuri, akawarudishia shukrani, lakini posa yao hakuipokea.

Kaka nilimwandikia usiku ule wa Jumamosi, nikamweleza yote, na lile la "alicheka" nikaliweka mwanzo. Jibu lake lilikuja na lori baada ya wiki mbili. Lilikuwa fupi kuliko barua zake zote, na kwa wiki nzima nilikuwa nikilisoma kila asubuhi. Alisema amekasirika na bado amekasirika, na kwamba kalamu niendelee nayo.

Siku jibu hilo lilipofika Mwanaheri alikuja kwetu na kibao chake, akakaa uani, akaniambia, "Shemeji, lete karatasi. Leo mimi nitasema na wewe utaandika."

Kwanza nilichukua ile barua ya mwezi wa kwanza, nikaikata y yangu, nikairudisha w ya kaka mahali pake. Halafu nikaandika aliyoyasema Mwanaheri. Alichanganya Kiswahili na Kimwera, na mahali fulani alitumia neno ambalo sijui linaandikwaje, wala halimo katika daftari langu. Nilimwuliza maana yake.

"Wewe andika," akasema. "Anayeandikiwa anajua."

Nililiandika kama nilivyolisikia. Nikaifunga barua, na Alhamisi nikampa utingo mkononi.